Daftari la Mwenye Shamba: Habari za Wakulima Weusi wa Kusini mwa Marekani



Wazee wetu wa pwani na wa bara walilijua neno "merikani" kabla hawajajua nchi ya Marekani iko upande gani wa dunia. Merikani ilikuwa nguo nene ya pamba, iliyoshushwa Unguja na merikebu za wafanya biashara wa Salem tangu miaka ya 1830, ikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, na katika njia hiyo yote ilipokewa kama fedha. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, lakini pamba yake ilitoka kusini, nayo ililimwa na kuchumwa na watumwa ambao wazazi au babu zao walitolewa Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kule mwaka 1861, pamba ikazuiwa, bei ya merikani ikapanda, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake. Hivyo ndivyo msiba wa shamba la mbali ulivyofika mpaka katika maduka ya huku kwetu.

Leo nataka kuwaeleza habari za watu wale waliolima pamba, na za watoto wao. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani mwaka 1865, na watu karibu 4,000,000 wakawa huru. Walikuwa wakulima hodari, waliozoea jua na jembe. Walakini hata baada ya miaka 70, wajukuu wao waliobaki mashambani walikuwa miongoni mwa watu maskini kuliko wote, nao walikaa katika nchi iliyowashinda wote kwa utajiri. Wengi waliouliza sababu walijijibu upesi: wengine walisema ni uvivu, wengine ujinga, wengine udongo kuchoka. Tutakapoyafuata mambo yenyewe tangu mwanzo, tutaona kwamba jembe halikuwa na kosa. Umaskini ule uliandikwa kwa kalamu, katika karatasi za namna mbili: daftari la deni, na hati ya kumiliki ardhi.

Tuanze na ardhi. Tarehe 12 Januari 1865, kabla vita havijaisha, Jemadari Sherman aliwaita wachungaji na wazee weusi 20 katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, akawauliza watu wao wangeweza kujitunza kwa njia gani. Msemaji wao alikuwa mzee Garrison Frazier, mwenye umri wa miaka 67, ambaye miaka michache kabla ya hapo alijikomboa mwenyewe na mkewe kwa dola 1,000. Akajibu kwamba njia iliyo bora ni kupewa ardhi na kuilima kwa mikono yao wenyewe. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kutenga ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, igawanywe vipande visivyozidi eka 40 kwa kila nyumba. Watu kama 40,000 wakaenda kukaa huko, wakajenga, wakapanda.

Furaha yao haikudumu. Rais Lincoln aliuawa mwezi wa Aprili, na Andrew Johnson aliyeshika mahali pake akawasamehe wenye mashamba wa zamani na kuwarudishia ardhi yao. Mwezi wa Oktoba Jemadari Howard alitumwa katika kisiwa cha Edisto kuwaambia watu habari hiyo, nao walikuwa wamekusanyika kanisani. Wakamwandikia Rais barua kumsihi, wakisema kwamba wao ndio waliokuwa watiifu kwa serikali wakati wa vita, na sasa waliokuwa adui ndio wanaopewa ardhi. Barua ile haikubadili neno. Katika jimbo la Mississippi, mwaka uo huo, sheria mpya ilimkataza mtu mweusi hata kukodi shamba nje ya miji. Basi yule aliyekuwa mtumwa alipewa uhuru wa kwenda atakako, lakini kila alikokwenda alikuta ardhi ina mwenyewe.

Kwa kuwa watu hao hawakuwa na ardhi, wala nyumbu, wala mbegu, wala chakula cha kungojea mavuno, na wenye mashamba nao hawakuwa na fedha za kulipa mishahara, ikazuka desturi ya kulima kwa kugawana mazao. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda cha kulala, mnyama, plau na mbegu. Mkulima alitoa kazi yake, ya mkewe na ya watoto wake. Pamba ilipochumwa, nusu ilikuwa ya huyu na nusu ya yule. Ukiyasikia mapatano hayo kwa mara ya kwanza utadhani ni haki tupu.

Lakini mwaka ni mrefu. Kutoka Machi, wakati wa kuandaa shamba, mpaka mavuno, nyumba ile ilihitaji unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ya chumvi, asali ya miwa, viatu na dawa. Vitu hivyo vilikopwa katika duka la mwenye shamba, au kwa mfanya biashara wa jirani, na mazao yaliyokuwa hayajaota bado yakawekwa rehani. Bei ya mkopo ilikuwa juu kuliko bei ya fedha taslimu, na juu yake riba. Yote yaliandikwa katika daftari, na daftari lilikaa kwa mwenye duka. Mkulima, ambaye mara nyingi hakufundishwa kusoma, hakupewa nakala. Wala hakuruhusiwa kupanda chakula kingi karibu na nyumba yake, maana mwenye duka alitaka pamba, ambayo hailiki, na ambayo ilimlazimisha mkulima arudi dukani.

Mwishoni mwa mwaka ndipo ilipofika siku ya hesabu. Tufanye mfano wa kukisia. Nyumba moja imepata pamba robota 8, kila moja ratili 500. Nusu yake ni robota 4, yaani ratili 2,000. Bei ikiwa senti 5 kwa ratili, sehemu ya mkulima ni dola 100. Daftari linafunguliwa, mwenye shamba anasoma: umekula vitu vya dola 110. Basi baada ya mwaka mzima wa kazi ya baba, mama na watoto, nyumba ile imebakiwa na deni la dola 10, nalo linaandikwa kuwa mstari wa kwanza wa mwaka unaofuata. Bei hiyo ya senti 5 sikuitunga, maana mwaka 1894 pamba ilishuka hata chini yake. Na mkulima aliyeuliza mbona sukari imeandikwa mara mbili alihesabiwa kuwa amemwita mwenye shamba mwongo, na huko kusini, katika siku zile, mtu mweusi aliweza kuuawa kwa neno hilo.

Labda mtauliza, kwa nini hakuhama? Wengi walihama, kutoka shamba hata shamba, mwezi wa Desemba, wakiwa na vyombo vyao juu ya mkokoteni. Lakini majimbo yalitunga sheria za kumfunga mwenye deni. Huko Alabama, mtu aliyepokea fedha za kutangulizia kisha akaacha kazi kabla ya muda kwisha alihesabiwa kuwa mdanganyifu, wala hakuruhusiwa kuieleza mahakama nia yake ilikuwa nini. Kibarua mmoja mweusi, Alonzo Bailey, alitangulizwa dola 15 ili afanye kazi ya shamba mwaka mzima kwa dola 12 kwa mwezi. Akaacha baada ya mwezi na siku chache. Alitozwa faini ya dola 30 na gharama, na kwa kuwa hakuweza kulipa, akahukumiwa siku 136 za kazi ngumu. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1911 ikaamua kwamba sheria ile ilikuwa utumwa uliovaa jina jingine. Hukumu ilikuwa njema, lakini desturi yenyewe iliendelea kwa miaka mingi katika mashamba yaliyo mbali na mahakimu.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba watu hao walikaa wakilia tu. Kufikia mwaka 1910, robo hivi ya wakulima weusi wa kusini walikuwa wamejinunulia ardhi, na jumla yake ilikuwa karibu eka 15,000,000. Walizinunua eka hizo kidogo kidogo, mara nyingi zile ambazo wengine walizikataa, kwa fedha za mayai, za kuni, na za kufua nguo. Tena walijenga shule. Kutoka mwaka 1912 mpaka 1932, kwa shauri la Booker T. Washington na msaada wa tajiri Julius Rosenwald wa Chicago, zilijengwa shule karibu 5,000 za watoto weusi wa mashambani. Michango ya watu weusi wenyewe, kwa fedha, mbao na kazi, ilizidi fedha alizotoa Rosenwald.

Hapa habari zao zinagusa zetu. Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia alitoa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa shule za vijijini za watu weusi, na kutokana na mali hiyo wakatokea walimu wa kuzunguka, wa kwanza wao akiwa Bi. Virginia Randolph wa jimbo la Virginia. Waliwafundisha watoto kusoma, na wazazi wao kutunza nyumba, maji na bustani. Mwaka 1924 tume ya elimu iliyotoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, pamoja nayo Dakta Aggrey wa Gold Coast, na mwaka uliofuata shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, nchini Kenya, kwa mfano ule ule. Walioleta mfano huo walisifu sana bustani safi na kazi za mikono. Walisema machache kuhusu daftari la dukani.

Walioliuliza daftari walilipa kwa damu. Mwaka 1919 bei ya pamba ilikuwa imepanda mpaka senti 35 hivi kwa ratili, na wakulima wa wilaya ya Phillips, katika jimbo la Arkansas, waliona kwamba mwaka huo walistahili kupata faida. Wakafanya chama, wakamtafuta mwanasheria, ili kila mmoja apewe hesabu yake iliyoandikwa. Usiku wa tarehe 30 Septemba walikuwa wakikutana katika kanisa la Hoop Spur, karibu na mji wa Elaine, watu wenye silaha walipofika nje, risasi zikalia, na mzungu mmoja akafa. Siku zilizofuata makundi ya wazungu wenye bunduki, na baada yao askari, waliingia mashambani na vijijini. Wazungu waliokufa walikuwa 5. Weusi waliouawa walizidi 100, na wanahistoria wengine huwahesabu kwa mamia. Hakuna mzungu aliyeshtakiwa. Watu weusi 12 walihukumiwa kufa, katika kesi ambazo wazee wa baraza walizikata kwa dakika chache. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kesi iliyoendeshwa chini ya tishio la ghasia si kesi, na kufikia mwaka 1925 wote 12 walikuwa wametoka gerezani. Na chanzo cha yote hayo, wasikilizaji, ni watu kutaka kusoma hesabu yao wenyewe.

Baadaye yakaja mapigo mengine. Fukusi wa vitumba vya pamba, aliyeingia Texas kutoka Mexico katika miaka ya 1890, alienea jimbo hata jimbo. Mwaka 1931 bei ya pamba ilishuka chini ya senti 6. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt, ili kuiinua bei, ikaamua kuwalipa watu wapunguze kulima pamba. Shauri lenyewe halikuwa baya, lakini hundi zilipitia mikononi mwa wenye mashamba. Wengi wao hawakuwagawia wakulima wao, na kwa kuwa eka za kulimwa zimepungua, wakawafukuza. Kwa ajili hiyo, mwezi wa Julai 1934, watu 11 weupe na 7 weusi walikutana karibu na mji wa Tyronza, Arkansas, wakaanzisha chama kimoja cha wakulima wasio na ardhi. Jambo hilo lilikuwa geni kabisa katika nchi ile. Kisha mwezi wa Oktoba 1944, karibu na Clarksdale, Mississippi, mashine za kuchuma pamba zilionyeshwa hadharani. Mtu hodari aliweza kuchuma ratili 20 hivi kwa saa, na mashine moja ilichuma ratili 1,000. Tangu hapo mwenye shamba hakuhitaji tena watu wa kufungwa kwa deni. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, watu weusi karibu 6,000,000 walitoka kusini kwenda Chicago, Detroit, New York na miji mingine.

Sasa tutazame kijiji kimoja, ili tuone ardhi ilivyobadili mambo. Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama, mto umejipinda na kuzunguka mahali paitwapo Gee's Bend. Wakazi wengi huitwa Pettway, jina la bwana aliyewamiliki babu zao. Mwaka 1932 alikufa mfanya biashara aliyekuwa akiwakopesha, na jamaa zake wakadai madeni yote mara moja. Watu wakaingia katika nyumba karibu 60, wakachukua nyumbu, ng'ombe, nguruwe, plau, na hata mahindi ya ghalani. Wenyeji waliishi majira yale ya baridi kwa kuvua samaki, kuokota matunda ya porini, na kwa chakula cha Msalaba Mwekundu.

Mwaka 1937 serikali kuu ikalinunua shamba lile kubwa. Ikajenga nyumba, shule na duka la ushirika, na katika miaka ya 1940 ikawauzia wenyeji ardhi yenyewe, kwa mkopo wa riba ndogo na wa muda mrefu. Si kwamba wakatajirika. Hata mwaka 1962, walipoanza kwenda ng'ambo ya mto kujiandikisha wapate kupiga kura, pantoni yao iliondolewa, safari ya dakika chache ikawa ya maili karibu 40, na pantoni haikurudi mpaka mwaka 2006. Lakini hakuna aliyeweza kuwafukuza katika nyumba zao. Katika wilaya ya jirani ya Lowndes, wapangaji waliojiandikisha walifukuzwa mashambani, na tangu Desemba 1965 walikaa katika mahema kando ya barabara kuu. Jasho lao lilikuwa moja na udongo wao ulikuwa mmoja. Waliachana katika hati tu.

Mtu aliyeyajua hayo kuliko wote labda ni Bi. Fannie Lou Hamer wa wilaya ya Sunflower, Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1917, mtoto wa mwisho wa watoto 20 wa wakulima wa kugawana mazao. Kwa kuwa alijua kusoma, alipewa kazi ya kuandika saa za kazi na uzito wa pamba shambani. Aliona mizani ikiwapunja wachumaji, akawa akitumia jiwe lake mwenyewe la mizani wakati bwana hayupo, ili kila mtu apate haki yake. Tarehe 31 Agosti 1962 alikwenda mjini Indianola kujiandikisha kupiga kura, na jioni ile ile akafukuzwa katika shamba alilolifanyia kazi miaka 18. Dunia inamkumbuka kwa siasa. Lakini mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika, ambako jamaa maskini walilima mboga na kukopeshwa nguruwe wa kuzaa, wakirudisha watoto wake ili wapewe wengine. Shamba hilo lilikwisha kwa madeni mwaka 1976, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake.

Na zile eka 15,000,000 zilikwenda wapi? Nyingi zilipotea kwa karatasi. Mzee alikufa bila kuandika wasia, kwa kuwa aliwaogopa wanasheria na mahakama, na kwa sababu nzuri. Shamba likawa mali ya watoto wote kwa pamoja, kisha ya wajukuu wote. Mjukuu mmoja aliye mbali, asiyeijua hata njia ya kwenda shambani, aliuza sehemu yake kwa mgeni, na mgeni akaiomba mahakama iuze shamba zima kwa mnada. Wengine walikuwa na hati safi, lakini waliponyimwa mkopo wa serikali wa kununulia mbegu, au walipoupata baada ya mvua kupita, walishindwa. Mwaka 1920 wakulima weusi walikuwa karibu 925,000; mwaka 1982 walikuwa 33,000 hivi. Katika mwaka 1999 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikubali mapatano ya kuwalipa walioonewa, na zaidi ya watu 15,000 walipata dola 50,000 kila mmoja. Fedha hizo ziliwasaidia wengi, ila hazikuweza kurudisha mashamba yaliyokwisha kuuzwa.

Wasikilizaji, Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima hawa wanatufundisha upande wa pili wa methali hiyo. Mali yao ilikuwa na daftari, lililoandikwa vizuri kila siku kwa wino mweusi, ila lilikuwa katika mkono wa mwingine. Kwa hiyo mtu akiwaona watu wa shamba wamevaa matambara baada ya mavuno mema, asiharakishe kuwapima mikono. Aulize kwanza ni nani anayepima mazao yao, ni nani anayeandika deni lao, na jina la nani limo katika hati ya ardhi wanayolala juu yake. Na mkulima yeyote anayetusikiliza, mwenye shamba dogo au kubwa, na aiombe nakala ya hesabu yake, aisome, au amwite mwanawe amsomee. Tena aandike wasia wake angali na afya.

Kwaherini.